Wawili Wanaofanana: Je, Ni Mmoja?

Katika toleo hili tunawaalika mfikiri pamoja nasi juu ya swali ambalo kwa kulitazama haraka laonekana dogo. Ukiona vitu viwili vinavyofanana kabisa, una haki ya kusema nini? Je, useme kwamba ni kitu kimoja kimeonekana mara mbili? Au useme kwamba nyuma yake kuna kitu cha tatu, kisichoonekana, ambacho ndicho kilichosababisha mfanano huo? Au ukomee kusema kwamba vinafanana, basi, na kuendelea na safari yako?

Sisi tunaouliza tunakaa Malvern, mashariki ya Johannesburg, mtaa ambao Kiswahili chake kina lafudhi nyingi. Yuko wa Bukavu na wa Uvira, yuko wa Bujumbura, wa Tanga na wa Mombasa. Kwa jirani mwenyeji, sisi sote ni sura moja. Na sisi nasi, tuseme kweli, tuna tabia ya kuwaweka wenyeji wote kapu moja. Kwa hiyo swali la kufanana hapa kwetu lina uzito wa maisha ya watu. Lakini tutaanza na mbingu kwanza, kwa sababu huko swali hilihili liliulizwa na likajibiwa kwa uwazi ambao mtaani ni nadra kuupata.

Wala hatuhitaji kwenda mbali. Kaskazini ya Malvern, ukivuka Kensington na bonde la Bezuidenhout, kuna kilima chenye mtaa uitwao Observatory, na jina hilo linatokana na kituo cha kutazamia nyota kilichojengwa pale mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1915 mkuu wa kituo hicho, Robert Innes, alilinganisha picha mbili za sehemu moja ya anga, zilizopigwa kwa kupishana miaka mitano. Alitumia chombo kinachomwezesha mtu kutazama picha moja, kisha nyingine, kisha tena ya kwanza, upesi upesi. Nyota zilizotulia zinabaki pale pale, lakini iliyosogea inaonekana kama inarukaruka. Ndivyo alivyoipata Proxima Centauri, nyota iliyo karibu nasi kuliko zote ukiacha jua. Picha mbili zilizofanana zilimpa ugunduzi kwa sababu alitafuta mahali zinapotofautiana. Tulishike jambo hilo, maana tutalihitaji huko mbele.

Sasa tuingie kwenye nyuzi. Mwaka 1976 mwanafizikia wa London, Tom Kibble, alitoa hoja kwamba ulimwengu ulipokuwa mchanga na wenye joto kali mno, ukapoa, huenda ulibaki na kasoro mfano wa mistari inayobaki ndani ya barafu. Maji ya kwenye friji hayagandi yote kwa pamoja. Yanaanza hapa na pale, na mahali mapande yanapokutana bila kulingana panabaki alama. Alama za ulimwengu, kama zipo, zingekuwa nyuzi ndefu zinazovuka anga, nyembamba kuliko kiini cha atomu, lakini nzito ajabu. Kwa uzi wa aina tutakayoizungumzia hapa chini, kilomita moja tu ingekaribia uzito wa sayari nzima ya Mirihi.

Uzi wa namna hiyo hautoi nuru. Utaujuaje basi? Kwa kile unachoifanyia nuru ya wengine. Tunajua kwamba nuru hupindwa na vitu vizito. Jambo hilo lilipimwa tarehe 29 Mei 1919 wakati wa kupatwa kwa jua, na mmoja wa wapimaji, Arthur Eddington, alikuwa kwenye kisiwa cha Príncipe, katika pwani ya magharibi ya bara letu hilihili. Uzi, hata hivyo, unaipinda nuru kwa namna ya peke yake. Chukua kitambaa cha mviringo, ukate kipande chembamba kuanzia katikati hadi ukingoni kama unavyokata keki, kisha shona kingo mbili zilizobaki. Kitambaa hakitalala tena. Kitainuka mfano wa kawa la kufunikia chakula. Sisimizi wawili wakianza safari sambamba juu ya kawa hilo, mmoja akipita kushoto ya ncha na mwenzake kulia, bila yeyote kupinda njia, watakutana upande wa pili. Ncha hiyo ndipo uzi unapopita, na sisimizi ndio miale ya nuru. Galaksi moja iliyo nyuma ya uzi ingetuletea nuru kwa njia mbili, nasi tungeona galaksi mbili zilizosimama ubavu kwa ubavu.

Hapo ndipo kuna siri. Kitu cha kawaida kama galaksi nzito kikipinda nuru, huharibu sura: picha moja hung'aa kuliko nyingine, nyingine huvutwa ikawa kama upinde. Uzi hauharibu. Ungetoa mapacha waliolingana, wala hawakupindika. Kwa hiyo mwindaji wa nyuzi anatafuta kufanana kuliko kamili.

Mwaka 2003 timu ya Warusi na Waitalia, akiwemo Mikhail Sazhin wa Moscow pamoja na wenzake wa kituo cha Capodimonte kule Naples, ilitangaza kwamba imepata mapacha wa namna hiyo. Waliwapa jina CSL-1. Zilikuwa galaksi mbili, nuru yake ikiwa imesafiri karibu miaka bilioni 5, zimetengana kwa sekunde mbili hivi za pembe. Kwa kipimo cha mtaani kwetu: weka sarafu ya upana wa sentimeta 2 kwenye Jules Street, barabara yetu iliyonyooka kama kamba iliyovutwa, kisha uitazame ukiwa umbali wa kilomita 2. Nafasi kati ya mapacha wale ilikuwa upana wa sarafu hiyo. Galaksi zote mbili zilikuwa na umbo moja na umbali mmoja, na nuru yake ilipochambuliwa rangi kwa rangi ilifanana kiasi cha mtu kushindwa kuzitenganisha. Wala hakikuonekana kitu chochote katikati yake ambacho kingeweza kuwa lenzi.

Tuwe waungwana: hoja yao ilikuwa nzuri. Tena ilikuwa na mfano nyuma yake. Mwaka 1979 Dennis Walsh, Robert Carswell na Ray Weymann walikuta nukta mbili angani zenye nuru ya aina moja, vitu ving'avu vya mbali sana viitwavyo kwaza. Wakasema kwamba hicho ni kitu kimoja kilichoonekana mara mbili, na walikuwa sahihi. Baadaye ilionekana galaksi iliyosimama katikati na kuipinda nuru. Kisha ukaja ushahidi mwingine mzito zaidi: nukta moja ikibadilika mng'ao, mwenzake hufanya mabadiliko yaleyale siku zipatazo 417 baadaye, kwa sababu njia moja ya nuru ni ndefu kuliko nyingine. Hao kweli walikuwa mmoja.

Basi timu ya CSL-1 ingeweza kusimama hapo na kusema: "Walifanana wale, wakawa mmoja, wanafanana hawa, nao ni mmoja." Hawakusimama hapo. Walieleza mapema ni kitu gani kingewaangusha. Kama ni uzi, walisema, basi ukitazama kwa darubini kali zaidi utaona pindo za nje za galaksi zimekatwa kwa mstari mkali, kwa kuwa uzi una mpaka mkali. Tena uzi hauishii kwenye galaksi moja, ni mrefu. Kwa hiyo mapacha wengine wangepaswa kuonekana kando kando ya njia yake. Wakaomba muda wa darubini ya Hubble, iliyoko nje ya hewa ya dunia.

Januari 2006 Hubble ilitazama, na pindo hazikuwa zimekatwa. Zilikuwa galaksi mbili tofauti, kila moja na mwili wake, zilizokaribiana na kuvutana kama majirani. Walioandika taarifa hiyo walikuwa walewale waliotoa dai la kwanza, na waliiandika bila kujificha nyuma ya maneno. Hakukuwa na uzi pale. Hadi leo hakuna uzi hata mmoja uliothibitishwa kwa njia hii.

Msomaji anaweza kuuliza: yote hayo yanamhusu nini mtu wa Malvern anayewahi teksi ya alfajiri? Yanamhusu hivi. Tuna methali isemayo dalili ya mvua ni mawingu, nayo ni ya kweli. Ila mkulima mwenye busara anayaona mawingu, anatayarisha jembe, na mbegu anazibakiza ghalani mpaka ardhi ilowe. Kufanana ni wingu. Kunatupa sababu ya kutoka nje na kutazama. Kwaza za 1979 na galaksi za 2003 zilifanana sawasawa machoni, lakini kwa moja jibu likawa "mmoja" na kwa nyingine likawa "wawili". Kwa hiyo jibu halikuwemo ndani ya kufanana kwenyewe. Lilitoka mahali pengine: kwenye lenzi iliyoonekana, kwenye siku 417, kwenye pindo ambazo hazikukatwa. Anayehukumu kwa kufanana peke yake anabahatisha, hata siku anayopatia.

Sasa tushuke ardhini. Mei 2008 machafuko dhidi ya wageni yalianza Alexandra, kaskazini ya jiji hili, yakaenea mitaa mingi na miji mingine. Watu 62 waliuawa. Makundi ya watu yalikuwa na nadharia yao ya uzi usioonekana: kazi zimepotea, uhalifu umezidi, nyumba hazitoshi, na nyuma ya yote hayo kuna mkono mmoja, mkono wa mgeni, yule wanayemwita makwerekwere. Nao walikuwa na kipimo chao. Walimsimamisha mtu, wakamwonyesha kiwiko, wakamtaka akitaje kwa Kizulu. Neno lenyewe ni indololwane. Aliyeshindwa alihesabiwa kuwa mgeni.

Kipimo kile kilipima nini? Kilipima msamiati. Waafrika Kusini wengi, wasemaji wa Kitsonga, Kivenda au Kipedi, wana neno lao jingine la kiwiko. Na mgeni aliyekaa hapa miaka ishirini anaweza kulitaja neno hilo vizuri kuliko wao. Kwa hiyo kipimo kiliweza kumwangusha mwenyeji na kumpitisha mgeni, na wala hakikugusa swali la nani kachukua kazi ya nani. Kati ya wale 62 waliouawa, 21 walikuwa raia wa Afrika Kusini. Tunapoitaja hesabu hiyo hatusemi kwamba damu ya wale wengine ilikuwa halali. La hasha, hata mmoja wao haikuwa halali. Tunaitaja kwa sababu inaonyesha kipimo kibovu kinavyofanya kazi: hakimlindi hata yule aliyekitunga.

Linganisha na Hubble. Wale walichagua kipimo ambacho kingeweza kuwaambia "mmekosea", na walipoambiwa walisikia. Hawa walichagua kipimo ambacho jibu lake lolote lingewapa mtu wa kumpiga. Septemba 2019 mambo yalipochafuka tena, maduka yalivunjwa na magari yakateketezwa kwenye yadi za wauzaji wa Jules Street, na safari hiyo hata swali la kiwiko halikuhitajika. Jina lililoandikwa juu ya duka lilitosha.

Lakini makala hii ingekuwa nusu ya ukweli kama ingeishia kwa makosa ya wenyeji. Sisi tulioko ughaibuni tuna nyuzi zetu. Maduka mawili ya ndugu zetu yakivunjwa ndani ya mwezi mmoja, kwa namna moja, yote usiku wa Ijumaa, kabla hata polisi hawajafika jina limekwisha tajwa. Mara ni kijana fulani aliyefanya kazi kwenye duka la kwanza na kulala jirani na la pili. Mara ni watu wa kabila fulani la kule nyumbani, maana hata huku tumekuja na vita vyetu mizigoni. Mtu akiuliza ushahidi uko wapi, hujibiwa kwa methali: lisemwalo lipo, ikiwa halipo laja. Methali hiyo ni nzuri kwa tahadhari, lakini ikigeuzwa kuwa hukumu ni hatari. Jina la kijana likishazunguka kanisani, msikitini na kwenye kikundi cha kuweka akiba, hatapata tena wa kumdhamini chumba wala wa kumkopesha nauli. Huku ugenini, mtu asiye na jamaa wa kumsemea amebakiwa na jina lake tu.

Tunajua pingamizi litakalokuja. Tutaambiwa: "Nyinyi mnaleta habari za mbinguni. Mwanaastronomia ana muda. Galaksi yake ilikuwapo mabilioni ya miaka na kesho itakuwapo. Sisi tukingoja Hubble, tutaibiwa duka la tatu." Pingamizi hilo lina nguvu, na halifai kupuuzwa. Jibu letu ni kwamba kuna kujihadhari na kuna kuhukumu, na hayo mawili hayadai ushahidi wa kiasi kimoja. Kubadili kufuli, kufunga duka mapema, kulala wawili badala ya mmoja, kutobeba mauzo yote mfukoni, hayo unaweza kuyafanya kwa shaka tupu, kwa kuwa ukikosea hujamuumiza mtu. Kulitaja jina la mtu mbele za watu ni jambo jingine. Hapo ukikosea, mwenye kulipa ni mwingine, si wewe.

Ndiyo maana tunadhani mtaani inatupasa kuwa wakali zaidi kuliko wanaastronomia, ingawa sisi tuna vyombo vichache. Sazhin na wenzake walipokosea juu ya CSL-1, galaksi zile hazikuumia. Ziliendelea kuvutana kama kawaida. Ikiwa wao, ambao kosa lao halikumdhuru yeyote, walijiwekea masharti makali namna ile, sisi ambao kosa letu linaweza kumtoa mtu nyumbani kwake tujiwekee masharti gani?

Tunapendekeza matatu, tuyajadili. La kwanza: anayeleta tuhuma aseme papo hapo ni kitu gani kikionekana atakubali kwamba si kweli. Akishindwa kukitaja, tuhuma yake haina tofauti na ndoto. La pili: kipimo kitenganishe. Kama mwenye hatia na asiye na hatia wote wangejibu sawa, tusikitumie. Hapa tumkumbuke Innes na picha zake mbili: tusiulize tu "wanafanana wapi?" bali tuulize pia "wanatofautiana wapi?" Huenda duka la kwanza lilivunjwa mlango na la pili lilifunguliwa kwa ufunguo, na tofauti hiyo moja ikazidi mifanano kumi. La tatu, ambalo ni gumu kuliko yote: aliyelitangaza jina ndiye alirudishe, mahali palepale, mbele ya watu walewale, kwa sauti ileile. Tuhuma ikitangazwa kwenye mkutano na kufutwa kwa mnong'ono mlangoni, haikufutwa.

Lipo na la mwisho, ambalo ni faraja pia. Kutopatikana kwa uzi pale CSL-1 hakukuwakatisha tamaa watafutaji. Kule Karoo, ndani ya nchi hii, darubini ya redio ya MeerKAT yenye masahani 64, iliyozinduliwa mwaka 2018, ni mojawapo ya vyombo vinavyosikiliza nyota za pulsa, ambazo mapigo yake yanaweza kuonyesha mtikisiko wa anga lenyewe. Mwaka 2023 makundi kadhaa ya watafiti duniani yalitangaza dalili za mtikisiko huo. Nyuzi za ulimwengu zimo kwenye orodha ya maelezo yanayowezekana, ingawa maelezo yanayopewa uzito zaidi ni mashimo meusi makubwa yanayozungukana. Zaidi ya miaka arobaini na tano tangu Kibble aandike, watu hawa wanaweza kusema "bado" bila aibu, na kuendelea na kazi.

Neno hilo "bado" tungependa lipate nafasi Malvern, Jeppestown, na kokote wanakosoma jarida hili. Nani kavunja duka? Bado. Jirani huyu mpya ni mtu wa namna gani? Bado. Katikati ya ndiyo na hapana kuna mahali pa kusimama, na mtu anaweza kusimama hapo muda mrefu huku akifanya kazi zake, akimsalimia jirani, na akiwa amefunga mlango wake vizuri. Mwezi ujao vikundi vyetu vitakutana kama kawaida, na pengine jina la mtu litaletwa mezani kabla ya chai. Kabla halijazunguka, mmoja wetu na aulize: tukitaka kujua kwamba si yeye, tutatazama wapi? Kisha twende tukatazame.